Tangi Kuongea na Pampu Bila Waya: Tuchague Redio Gani?

Tuseme kisima cha kikundi chenu kiko bondeni na tangi liko kilimani, mita 300 hivi. Mtu akisahau kuzima pampu, maji yanamwagika na bili ya stima inapanda. Akizima mapema, akina mama wanakuta mfereji umekauka. Kupitisha waya kwa mashamba ya watu ni gharama, tena waya huibwa.

Njia mojawapo ni kutumia maikrokontrola mbili, yaani vile vikompyuta vidogo kama Arduino. Moja inapima maji kwenye tangi, ya pili inawasha na kuzima pampu. Kinachobaki ni kuchagua kijiredio, au moduli, cha kuziunganisha. Kabla kamati haijatoa pesa, ijiulize mambo matatu.

Kwanza, umbali ni gani na katikati kuna nini? Moduli ya Bluetooth kama HC-05 ni ya mita 10 hivi. Ile nRF24L01+ ndogo, ya megahezi 2400, hufika makumi ya mita mahali peupe, lakini kuta, miti na mabati huizuia. HC-12, ya megahezi 433, hupenya majani vizuri zaidi, na wauzaji husema inafika kilomita moja mahali peupe. LoRa hufika hata kilomita kadhaa, ingawa ni ya polepole. Hiyo si taabu, kwa sababu tangi lina neno moja tu la kusema: nimejaa au bado. Kwa mita zetu 300, basi, tuangalie HC-12 au LoRa.

Pili, je, inajibu? Vijiredio vya bei ya chini kabisa vya megahezi 433 huuzwa viwili viwili, kimoja cha kutuma, kingine cha kupokea. Anayetuma hajui kama habari ilifika. HC-12 na LoRa hutuma na kupokea pia, kwa hivyo fundi anaweza kuandika programu inayodai jibu.

Tatu, umeme. nRF24L01+ inataka volti 1.9 hadi 3.6, ukiilisha volti 5 utaiharibu. HC-12 inakubali volti 3.2 hadi 5.5. Antena ya megahezi 433 yaweza kuwa waya ulionyooka wa sentimita 17 hivi. Ulizeni pia Mamlaka ya Mawasiliano ni masafa gani yanaruhusiwa.

Lakini lililo kubwa ni hili: redio yoyote iko siku itanyamaza. Mwambieni fundi aandike hivi: dakika mbili zikipita bila habari kutoka kwa tangi, pampu izimike yenyewe. Akiandika "endelea mpaka uambiwe simama," betri ya tangi ikiisha usiku, pampu itavuta mpaka kisima kikauke, nayo iungue.

Mwisho, jaribuni kabla ya kufunga. Mmoja apande kilimani, mwingine abaki kisimani, na mrudie mahindi yakiwa marefu na mvua ikinyesha. Swichi ya mkono msiitoe.