Reli ya Nachingwea juu ya ubao (Sehemu ya tatu)

Habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay zimerudi magazetini, na wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa wanauliza: je, itapita kwetu? Nitalifikia swali hilo. Kwanza tuendelee na kazi yetu ya kujenga reli ndogo ya mfano, maana ubao mmeshakata na spoki za baiskeli mmeshazinyoosha ziwe reli.

Kati ya spoki na spoki pawe na milimita 12. Reli yetu ya zamani ya Nachingwea ilikuwa na upana wa mita moja, nasi tunajenga kwa kipimo cha moja kwa 87. Hesabu inatoa milimita 11 na nusu. Hiyo nusu tunaiongeza ili magurudumu yasibane.

Mpangilio tunaoufuata ni wa Mwingereza Alan Wright, aliouita Inglenook Sidings. Unatosha kwenye ubao wa mita 1.2 kwa sentimita 30, yaani hata juu ya meza ya chumba cha kupanga. Njia ni tatu: ndefu inachukua mabehewa matano, nyingine mbili matatu matatu. Zote zinakutana kwenye kipande kimoja kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu, basi. Andika namba kwenye mabehewa manane, piga kura ya matano, kisha uyapange kwenye njia ndefu kwa mfuatano ule ule wa kura, bila kuinua behewa hata moja. Kura inaweza kukudai treni 6,720 zisizofanana.

Nafasi za kuegesha ni 11, mabehewa 8. Kazi yote inategemea zile nafasi tatu zilizo wazi. Mwenye papara huzijaza mapema kwa behewa lililo karibu, kisha hujikuta amelifungia ndani lile analolitaka. Kabla hujasukuma, jiulize kipi kitahitajika baada ya hiki. Kijana aliyezoea kujiuliza hivyo atafaa stesheni, bandarini, ghalani na hata katika ofisi ya umma.

Hapo ndipo Nachingwea inaponiuma. Mpango wa Serikali ya Uingereza wa kulima karanga nilikwisha kuueleza. Leo tuutazame mfuatano wake tu. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 55 yakapangiwa Jimbo la Kusini, ambako hapakuwa na reli wala gati la meli kubwa. Ikajengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikafika Nachingwea 1949. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, pauni milioni 36 zikiwa zimekwisha kupotea. Bandari ya Mtwara, iliyokusudiwa kusafirisha karanga hizo, ikafunguliwa 1954! Reli ikaunganishwa nayo, ikajitahidi kwa mizigo mingine, na 1962 ikafungwa. Baadaye ikang'olewa.

Wengi hulaumu udongo na mvua. Vilichangia, sikatai. Lakini udongo ungeweza kupimwa na mvua ingeweza kusubiriwa misimu miwili mitatu kwa shamba dogo la majaribio. Wakubwa wale walileta kichwa cha treni kabla ya kujua behewa lipi lije kwanza, na gharama yake ikabaki kwa watu wa kusini.

Ndiyo maana nasisitiza kila shule ya sekondari ya Nachingwea na Ruangwa iwe na ubao huu. Gharama yake ni mbao, spoki, njiti za kiberiti za kufanyia mataruma, na mwalimu mvumilivu.

Sasa lile swali. Ruangwa ina madini ya kinywe, Nachingwea ina nikeli ya Ntaka, na korosho na ufuta vinavunwa kila mwaka. Kuuliza kama reli itapita kwenu hakutoshi. Ulizeni mikutanoni mzigo upi utakuwa tayari mwaka gani, mtaufikishaje kwenye reli, stesheni ya kupakilia itakuwa na njia ngapi za pembeni, na kinywe kitasubiri wapi korosho inapopakiwa.

Wiki ijayo tutafunga ndoano za kuungia mabehewa. Tafuteni waya mwembamba wa shaba.