Mfupa Ukivunjika: Maswali ya Wagonjwa

Huku Lusangi watu huanguka katika michikichi wakikata ngazi, au katika pikipiki wakati wa matope. Kisha huuliza: "Je, mfupa utaunga?" Ndiyo. Mwili wenyewe huuunga. Plasta huushika tu usitikisike. Dawa hiyo si ngeni: mganga Mholanzi, Antonius Mathijsen, aliianza mwaka 1851.

"Plasta yanibana. Nivumilie?" La, ndugu, usivumilie! Mguu uliovunjika huvimba, na plasta haitanuki, wala vijiti vya fundi wa kijijini vilivyokazwa kwa kamba. Damu ikizuiwa, nyama huanza kufa kwa muda wa saa chache, na mguu ambao ungalipona hukatwa. Tazama vidole. Vikiwa baridi, au vyeupe, au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi ukivinyosha, rudi hospitali upesi, hata usiku. Wanao kukuchukua wasingoje kuche.

"Itatolewa lini?" Mkono wa mtu mzima hutaka majuma 6 hivi, mfupa wa muundi majuma 12 au zaidi, watoto hupona mapema. Wanaoipasua nyumbani ili waende shambani, twawaona tena. Usiiloweshe, wala usiingize kijiti kujikuna. Vidole uvichezeshe kila siku, mara nyingi.