Mbona Rais ana kikomo na Mbunge hana?

Wanavikundi wengi wanauliza: mbona Rais na Gavana huongoza vipindi viwili tu vya miaka mitano mitano, na Mbunge anaweza kukaa mpaka azeeke?

Sababu ni kazi yenyewe. Rais na Gavana huteua maafisa, na fedha hutumika chini ya mkono wao. Mtu kama huyo akikaa sana, wanaopaswa kumkagua huwa ni watu wake mwenyewe. Mbunge naye ana kura moja kati ya mamia. Peke yake hapitishi sheria.

Tulijifunza polepole. Rais Moi alishika kiti 1978, lakini vipindi vyake vikaanza kuhesabiwa na uchaguzi wa 1992, akatoka 2002. Katiba ya 2010 ikawawekea magavana kikomo hicho hicho. (Wawakilishi wa wadi hawamo, ingawa wengine wangefaa kupumzika!) Hao dawa yao ni kura yako.

Sasa tazameni kikundi chenu. Mwandishi wa kumbukumbu akikaa miaka kumi, si neno. Lakini mweka hazina, ambaye kitabu cha benki na mhuri viko nyumbani kwake? Mkutano ujao someni katiba ya kikundi, muone inasema nini juu yake.