Darasa la nane Uvira: mapitio ya hesabu yaanzie palipo na ufa

Uvira. Mwaka wa masomo nchini Kongo huanza mwanzoni mwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai. Kwa mwanafunzi wa darasa la nane, wiki za mwisho ndizo nzito kuliko zote. Mbele yake kuna mtihani wa shule wa muhula wa pili, na kuna TENASOSP, jaribio la taifa linalosaidia kuamua mtoto aelekee wapi anapoingia humanités: sayansi, ualimu, biashara au ufundi.

Katika majaribio hayo, somo linalowanyima usingizi watoto wengi wa Mulongwe, Kimanga, Kasenga na Kalundu ni hesabu. Alama ndogo ya hesabu haimfukuzi mtoto shuleni, lakini hufunga milango kimyakimya. Mtoto aliyetaka kuwa muuguzi, fundi umeme au mhasibu anaambiwa achague tawi lingine, na mara nyingi hakuna anayemweleza kwamba kilichomwangusha ni sehemu na namba hasi, mambo yanayoweza kurekebishwa kwa wiki chache.

Swali ni namna ya kuzitumia wiki hizo. Wanafunzi wengi hufungua kaye ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma. Wakifika katikati, siku zimekwisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye wiki nne hana muda wa kujenga ukuta, kwa hiyo atafute ufa uko wapi.

Miaka iliyokatikakatika

Ufa huo una historia yake. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliunganisha miaka sita ya shule ya msingi na miaka miwili ya mwanzo ya sekondari ya zamani, ikawa elimu ya msingi ya miaka minane. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma. Watoto wengi ambao wazazi wao hawakuweza kulipa waliingia darasani, na madarasa yakajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hawezi kuona ni nani ameelewa sehemu na ni nani amenakili tu kutoka ubaoni.

Miezi michache baadaye, Machi 2020, shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya korona. Aprili mwaka huo huo mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya watu upande wa Kavimvira. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, familia nyingi za Uvira na bonde la Ruzizi zilikimbilia Burundi. Desemba 2025 vita vikafika Uvira kwenyewe, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka tena.

Masomo mengine huvumilia mapengo kama hayo. Mtoto aliyekosa mwezi mmoja wa jiografia hakosi kuelewa mwezi unaofuata. Hesabu ni kama ngazi. Aliyekosa kupanga sehemu kwenye asili moja atakwama kwenye asilimia, kisha kwenye uwiano, kisha kwenye milinganyo, na kila mara atadhani tatizo ni somo jipya.

Tatizo si la Uvira peke yake. Uchunguzi wa PASEC wa mwaka 2019, uliopima wanafunzi wa nchi 14 zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa Kongo wanaomaliza miaka sita ya msingi hawajafikia kiwango cha kutosha katika hesabu. Maana yake, wengi huingia darasa la saba na ufa wakiwa nao tayari.

Sehemu: pa kuanzia

Mpe mtoto wa darasa la nane swali hili bila kaye: nusu ukiongeza theluthi ni ngapi? Wengi watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, 1/2 + 1/3, wapate 2/5.

Usimwambie mara moja kwamba amekosea. Muulize mambo ya soko la ndagala. Mama ana beseni. Asubuhi ameuza nusu ya beseni, mchana akauza theluthi nyingine. Je, ameuza zaidi ya nusu au chini ya nusu? Mtoto atacheka, kwa sababu jibu liko wazi. Sasa mwambie aitazame 2/5 yake. Mbili ya tano ni chini ya nusu. Amejumlisha, na jumla imekuwa ndogo kuliko kile alichoanza nacho.

Hapo ndipo kanuni inapata maana. Nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla ni 5/6, na sehemu moja ya sita ya beseni imebaki. Mtoto aliyeona kosa lake kwa macho yake harudii kirahisi.

Namba hasi: deni na kina cha ziwa

Ufa wa pili ni alama ya kutoa. Wanafunzi wamekariri kwamba hasi na hasi hutoa chanya, na wanaitumia kila mahali. Wakiona −3 − 5 wanaandika 8. Kanuni ile ni ya kuzidisha, na hapa hakuna anayezidisha. Mwenye deni la faranga 3,000 dukani, akikopa 5,000 zaidi, ana deni la 8,000. Jibu ni −8, na hakuna muuza duka wa Uvira atakayekubali kwamba deni limegeuka kuwa akiba.

Ziwa lenyewe linafundisha somo hilo hilo. Uso wa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa ni mita 1,470. Basi 773 − 1,470 ni −697. Sakafu ya ziwa, pale penye kina zaidi, iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mtoto anayeoga Kalundu kila siku anaweza kukumbuka namba hiyo maisha yake yote.

Asilimia: asilimia ya nini?

Kwenye asilimia kosa kubwa ni moja: mwanafunzi hajiulizi ni asilimia ya nini. Tuseme mfanyabiashara amenunua ndagala kwa faranga 40,000 na kuziuza 46,000. Faida ni 6,000. Ukiigawa kwa bei ya kununulia, 40,000, unapata asilimia 15. Ukiigawa kwa bei ya kuuzia, unapata kama 13, na swali umelikosa.

Kuna mtego wa pili ambao hata watu wazima hunaswa nao. Bidhaa ya faranga 10,000 imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi palepale? Imepanda hadi 12,000. Asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, kwa hiyo imeshuka hadi 9,600. Imepungua faranga 400, kwa sababu asilimia ya pili ilichukuliwa kwenye bei iliyokwisha kupanda.

Règle de trois: soma kabla ya kuzidisha

Kanuni hii watoto wa mpakani wanaijua kuliko wanavyodhani. Pale Kavimvira dola, faranga ya Kongo na faranga ya Burundi hupita mkono kwa mkono. Tuseme dola moja inabadilishwa kwa faranga 2,500. Mwulize kijana anayeuza mikate faranga 30,000 ni dola ngapi, atakujibu 12 kabla hujamaliza kusema.

Kwenye karatasi anaanguka kwa sababu anazidisha na kugawa kwa mazoea bila kuliangalia swali. Mfano: watu 6 wanashona wavu kwa siku 4, watu 8 watautumia siku ngapi? Anayekariri atazidisha 4 kwa 8, agawe kwa 6, apate siku tano na zaidi. Lakini mikono imeongezeka, iweje kazi ichukue siku nyingi zaidi? Kazi yote ni 6 × 4, yaani siku-mtu 24. Ukiwagawia watu 8, ni siku 3. Kabla ya kuandika namba yoyote, mwanafunzi ajiulize: jibu langu litakuwa kubwa au dogo?

Swali limeandikwa kwa Kifaransa

Kuna ufa mwingine ambao hauhusu namba. Mtoto wa Uvira huhesabu kwa Kiswahili nyumbani na sokoni, na huenda anasikia Kifuliiru, Kivira au Kibembe kwa bibi yake. Swali la mtihani linakuja kwa Kifaransa. Anaweza kujua kabisa kupima uzio wa shamba lakini akachanganya « périmètre » na « aire ». Ya kwanza ni mzingo, urefu wa kuzunguka. Ya pili ni eneo, nafasi iliyo ndani. Akiona « le double de » na « le carré de » anadhani ni kitu kimoja, wakati mara mbili ya 5 ni 10 na mraba wa 5 ni 25.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mwanafunzi agawe ukurasa mmoja wa kaye katika safu tatu: neno la Kifaransa, maana yake kwa Kiswahili, na mfano mmoja wenye namba. Maneno 30 hivi yanatosha kwa maswali mengi. Akiyamaliza, amefanya mapitio ya hesabu na ya Kifaransa kwa pamoja.

Wiki nne zipangwe hivi

Kwanza, akusanye interro zote za mwaka na kuyapanga makosa katika mafungu matatu: sikujua njia, nilijua nikakosea kuhesabu, sikuelewa swali. Fungu kubwa ndilo kazi ya wiki ya kwanza.

Pili, afanye kidogo kila siku. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio yake kuhusu namna tunavyosahau. Alionyesha kwamba mengi hupotea katika siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi hushinda kujifunza yote kwa mkupuo. Dakika 40 kila jioni zina faida kuliko Jumapili nzima.

Tatu, achanganye maswali. Mwaka 2020 mtafiti Doug Rohrer na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao katika madarasa 54 ya darasa la saba huko Florida, Marekani. Madarasa mengine yalifanya mazoezi ya aina moja moja, mengine yakachanganya aina zote. Mwezi mmoja baadaye wakapewa jaribio bila kutangaziwa. Waliochanganya walipata asilimia 61, wengine asilimia 38. Sababu yake inaeleweka: ukifanya asilimia tupu ukurasa mzima, huhitaji kufikiri utumie njia gani. Mtihani hauji hivyo.

Nne, afunge kaye. Kusoma hesabu iliyokwisha kufanywa humfanya mtu ajione ameelewa. Aliyeelewa ni yule anayeifanya upya kwenye karatasi tupu.

Tano, akadirie kila jibu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. 673 × 50 ni 33,650, na eneo lake linalojulikana ni kilomita za mraba kama 32,900. Makadirio yako jirani kabisa na ukweli. Mwanafunzi anayepata 3,365 au 336,500 ajue mara moja kwamba sifuri imepotea au imeongezeka.

Mzazi asiyejua hesabu

Wazazi wengi hukata tamaa wakisema hawakusoma. Kazi yao hapa haihitaji diploma. Mzazi anaweza kumwambia mtoto amfundishe swali moja kila jioni kwa Kiswahili, na kila hatua amuulize: kwa nini? Mtoto akishindwa kujibu, ufa umeonekana. Anaweza pia kumpunguzia binti kazi za maji na jiko kwa wiki hizo nne. Katika nyumba nyingi, kaka hurudia masomo kukiwa bado na mwanga, dada hufungua kaye usiku mama akishalala, kama betri ya taa ingali na moto.

Shule nazo zinaweza kusaidia bila kungoja fedha. Wanafunzi wa Institut Supérieur Pédagogique ya Uvira, wanaosomea ualimu, wako hapa hapa mjini. Saa mbili za Jumamosi na kikundi cha watoto kumi zingewapa wao mazoezi ya kufundisha, na watoto wangepata mtu wa kuwauliza lile swali wanaloona haya kuuliza mbele ya darasa lililojaa.

Vita na maji vimewaibia watoto wa Uvira siku nyingi za shule, na hakuna atakayewarudishia zote kabla ya mtihani. Lakini mtoto wa darasa la nane akijua leo kwamba ameangushwa na sehemu, hana haja ya kurudia miaka minane. Jioni nne tano zinamtosha kuanza, na karatasi yake ya kwanza iwe na swali moja tu: nusu ukiongeza theluthi ni ngapi?