Hukumu ya Kutibu Kiharusi kwa Seli Shina

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Muumini mmoja wa Nyegezi, Mwanza, ameuliza: "Baba amepooza kwa kiharusi, akili anazo ila hawezi kusema. Tumeambiwa nje ya nchi wanatibu kwa seli shina. Je, tuuze kiwanja chake tumpeleke?"

Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, asili ya seli. Seli shina ni seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha 17 mwaka 2003 (1424 Hijria), lilijuzisha zile zitokazo kwa mtu mzima aliyeridhia bila kudhurika, na zitokazo katika kondo au kitovu cha mtoto. Liliharamisha zitokanazo na mimba iliyotolewa makusudi bila sababu inayokubalika kisheria.

Pili, manufaa. Upandikizaji wa uboho kwa wenye selimundu ni tiba iliyothibiti, na hufanyika hata Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Lakini kiharusi si selimundu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2024, wenye wagonjwa 206, ulionesha kwamba baada ya siku 90 waliopewa seli hawakuwashinda wasiopewa katika nafuu iliyokusudiwa. Basi hayo bado ni majaribio. Kwa Mashafii kujitibu ni sunna, si wajibu. Mtoto asiyemnunulia baba dawa isiyothibiti hana dhambi. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu huwa dhamini wa madhara yake.

Tatu, mali. Kiwanja ni cha baba. Maadamu akili anazo, haijuzu kukiuza bila ridhaa yake. Aulizwe, ishara inayofahamika ya asiyeweza kusema husimama mahali pa ulimi. Aelezwe ukweli wote, si matumaini matupu.

Kabla ya yote, apelekwe Bugando kwa mazoezi ya viungo na kudhibiti shinikizo la damu. Mengi ya manufaa yamo humo, na wema wa mtoto haupimwi kwa wingi wa nauli.

Wallahu a'lam.