Siri ya Mtoto Wako Kwenye Kompyuta ya Shule

Chukua mfano wa msichana katika shule ya sekondari ya bweni karibu na Karatina. Kwa miezi mitatu hajaona hedhi. Matroni anamwogopa, mama yuko Nanyuki, na simu hairuhusiwi shuleni. Siku ya somo la kompyuta anaandika swali lake upesi upesi, anasoma jibu na kulifuta.

Asilolijua ni kwamba kompyuta za shule zikiunganishwa pamoja, mwalimu anaweza kuwekewa programu inayomwonyesha kila kioo akiwa mezani pake. Mashine kuu nayo inaweza kuhifadhi orodha ya kurasa zote zilizofunguliwa, pamoja na saa na jina la aliyezifungua. Kufuta kwenye mashine ya mwanafunzi hakuigusi orodha hiyo.

Huenda binti huyo hana mimba. Wasiwasi mwingi, kupungua uzito au hitilafu ya homoni pia huzuia hedhi, na anahitaji kupimwa na daktari. Lakini habari ikifika chumba cha walimu kabla ya kufika hospitali, shule nzima itakuwa imekwisha kumtolea hukumu. Wenzake nao watajifunza kunyamaza, hata mwenye kifafa, hata anayekojoa kitandani.

Sisemi watoto wasiangaliwe. Nani katika Nyeri amesahau moto wa Hillside Endarasha Academy, Kieni, uliowaua wavulana 21 mnamo Septemba 2024? Programu inayomjulisha mtu mzima kwamba mtoto anaandika juu ya kujiua yaweza kuokoa maisha. Muhimu ni nani anayepata taarifa hiyo. Ikienda kwa naibu wa mwalimu mkuu anayeshughulikia nidhamu, mtoto huenda akapata adhabu. Ikienda kwa mshauri aliyefunzwa, atapata msaada.

Nchi yetu imewahi kujaribiwa na jambo kama hili. Mwaka wa 2015 serikali iliagiza kukusanywa kwa takwimu za watoto wa shule walio na virusi vya Ukimwi, majina yao yakiwemo. Nia ilielezwa kuwa kupanga matibabu. Hata hivyo, Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto, zilizo katika vifungu vya 31 na 53 vya Katiba.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na habari za afya zimewekewa ulinzi wa ziada. Si sheria ya kupamba kabati. Mwaka wa 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa Sh4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Basi mzazi, siku ya kuzuru shule, ukishamaliza kuuliza alama za hesabu, muulize mwalimu mkuu: kompyuta hizi zinahifadhi nini kumhusu mwanangu? Nani husoma? Hufutwa lini? Fomu uliyotia sahihi siku ya kujiunga ilisemaje? (Wengi wetu hutia sahihi tukitafuta mahali pa kushusha sanduku.) Usiporidhika, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo, naye anatakiwa kumaliza uchunguzi katika siku 90.

Nyumbani, mweleze mtoto waziwazi kwamba kompyuta ya shule si mahali pa siri. Mpe pia pa kwenda: shangazi anayemwamini, muuguzi wa kliniki, au nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi. Na kama ni hedhi imekosekana miezi mitatu, mwombee ruhusa mwende hospitali wiki hiyo hiyo, bila kulazimika kumweleza mlinzi wa lango ni kwa nini.