Swali la Mvua ya Masika na Masomo ya Juu ya Hali ya Hewa

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mtaalamu wa hali ya hewa ni kutazama mawingu asubuhi, kisha kutangaza jioni kama kesho itanyesha. Kazi hiyo ipo, nayo ina manufaa, lakini mwenye digrii ya kwanza aweza kuifanya vema. Anayeendelea hadi digrii ya pili na ya tatu hutakiwa jambo jingine, yaani kutafuta jibu la swali ambalo hata mwalimu wake hajui jibu lake.

Afrika ya Mashariki inalo swali la namna hiyo. Tangu miaka ya 1980 hadi karibu mwaka 2010, vipimio vilionyesha kwamba mvua ya masika, inayonyesha Machi hadi Mei, ilikuwa ikipungua katika sehemu nyingi za Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Lakini nyingi katika hesabu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya miaka ijayo zilitoa jibu la kinyume, kwamba dunia izidipo kupata joto, mvua hiyo itaongezeka.

Jambo hili si ubishi wa vitabuni. Mhandisi ajengaye bwawa katika mto Tana hujenga kitu cha kukaa miaka mingi. Je, atazamie maji mengi au machache? Tena kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua, ya vuli na ya masika, ilikosekana mfululizo katika nchi hizo, na mamilioni ya mifugo walikufa.

Mwanafunzi anayetaka kuingia katika uchunguzi huu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Nairobi, yampasa kwanza awe hodari wa hesabu na fizikia. Hufundishwa kanuni za mwendo wa hewa, za joto na mvuke, na elimu ya takwimu. Halafu hupewa daftari za mvua za miaka mingi, na hapo ndipo wengi hushangaa, kwa maana kazi ya kwanza ni kuzitilia shaka. Huenda kipimio kilichowekwa mahali peupe zamani sasa kimefunikwa na mti. Huenda karani alikuwa likizoni, na mwezi ulioachwa wazi ukaandikwa sufuri baadaye. Nafasi tupu na sufuri si kitu kimoja. Mwenye kuvichanganya atazua ukame ambao haukuwako.

Subira hiyo huzaa matunda. Mwaka 2019 Caroline Wainwright wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba mvua ya masika ilipungua hasa kwa sababu msimu wenyewe ulifupika, ukichelewa kuanza na kuwahi kwisha. Nguvu ya mvua ya kila siku haikupungua hivyo. Kwa mkulima anayechagua mbegu, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hata hivyo swali halijafungwa. Mwaka 2018, na tena 2024, mvua ya masika ilileta mafuriko Kenya. Na zile hesabu za kompyuta zina kasoro ijulikanayo: nyingi huonyesha mvua ya vuli kuwa nyingi kupita kiasi, na ya masika kuwa chache kuliko inavyonyesha kweli. Sababu moja ni kwamba huigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita 100 au zaidi, hata Mlima Kenya na Bonde la Ufa vikasawazishwa kama uwanja.

Wataalamu wa Uingereza wamekwisha kufanya hesabu ya Afrika nzima kwa miraba ya kilomita 4 na nusu, ambayo huonyesha mawingu ya dhoruba vizuri zaidi. Lakini kazi hiyo ilihitaji kompyuta kubwa mno, hata ikafanyika kwa miaka 10 tu ya wakati huu na miaka 10 ya mwisho wa karne hii. Miaka 10 ni michache kwa mvua inayobadilika hivi, na wanafunzi wanaoingia masomoni sasa ndio watakaotakiwa kuiongeza.